Saa Mia na Ishirini za Dokta

Siku hiyo Dokta aliingia kwenye duka la fotokopi kwa nia safi kabisa: kukimbia mvua. Duka lilikuwa na mashine mbili, moja nzima na moja ya kuwekea vikombe vya chai, na foleni ya watu kumi na mmoja, kila mmoja kakumbatia bahasha ya kaki kifuani kama kabeba kichanga.

Dokta hajawahi kutibu hata kuku. Jina alilipata mwaka ule alipowauzia wenye vipara wa mtaa mzima mafuta ya kuotesha nywele, na kwa kuwa hakuna aliyeota nywele lakini wote walinukia vizuri, jina likabaki. Alikuwa mtu wa kupenda foleni. Watu waliopanga foleni wamekwisha kukubaliana kwamba kuna kitu wanakitaka. Kazi inayobaki ni ndogo: kuwa nacho, au kuonekana unacho.

"Dada, leo kuna sherehe gani humu?" alimuuliza mwenye mashine.

"Sherehe ya nani! Walimu wa Kiingereza hao. Shule zinatafuta, hoteli zinatafuta, mpaka ng'ambo huko wanatafuta. Wanakuja kutoa kopi za vyeti."

"Basi si neema hiyo?"

"Neema wapi, kaka yangu? Wakifika wanaambiwa shahada haitoshi, kinatakiwa cheti cha kimataifa cha kufundishia Kiingereza, kile cha mafunzo ya saa mia na ishirini. Wanarudi hapa wamenuna, wanatoa kopi nyingine, utadhani kopi ya pili ndiyo itakuwa na akili."

"Na hicho cha saa mia na ishirini kinatolewa wapi?"

"Mji huu? Hakuna."

Neno "hakuna" likimwingia mtu wa kawaida sikioni, hushuka mpaka moyoni likamtia simanzi. Likimwingia Dokta, hupanda kichwani na kuanza kutafuta chumba cha kupanga.

Chumba kilipatikana ghorofani, juu ya duka la Mama Magodoro. Mama huyo alikuwa na mwili wa kutosha na maneno machache.

"Kodi ya mwaka mzima, mkononi," alisema.

"Mama yangu, mwaka mzima? Tuanze na miezi miwili, tuzoeane."

"Mwanangu, mimi nauza magodoro. Nimeona watu wengi wakilala mbele. Mwaka mzima, au ngazi hiyo hapo."

Dokta alimwomba siku tatu, akashuka, akabandika matangazo kwenye nguzo za umeme, na kufikia siku ya tatu watu wenye bahasha za kaki walikuwa wamekwisha kumlipia kodi bila kujua. Bango likapanda: Taasisi ya Kimataifa ya Ualimu wa Kiingereza, Tawi Kuu. Tawi kuu la mti gani, hakuna aliyeuliza.

Waliojiandikisha walifika arobaini. Kulikuwa na makarani waliopunguzwa kazi, wahudumu wa hoteli, wahitimu waliokaa nyumbani mpaka mama zao wakaanza kuwaita wageni. Wote walikuja wakiogopa jambo moja, nalo si kutapeliwa. Waliogopa kusoma.

Jumamosi ya kwanza, Dokta alisimama mbele yao na suti ya kijivu iliyonyooka, akafumba macho nusu, akatamka kwa Kiingereza sentensi moja ndefu, nzito, yenye mikunjo, iliyotoka puani na kurudi puani. Ukumbi ukapiga makofi. Kiingereza chote cha Dokta kingeenea ndani ya kiberiti na njiti zisibanane, lakini sentensi hiyo aliikariri vizuri. Aliitoa kwenye karatasi iliyokuja na pasi ya umeme.

Mtu mmoja tu, mama aliyeketi benchi la nyuma, ndiye aliyesikia kwamba wote wameonywa wasitumbukize pasi kwenye maji. Alifungua mdomo. Akaufunga.

"Mheshimiwa Dokta," karani mmoja mrefu aliinua mkono. Huyu alifukuzwa benki na bado alikuwa anaendelea kuvaa tai yake. "Hizi saa mia na ishirini tutazimaliza lini? Mimi nina haraka."

"Swali zuri sana, ndugu yangu. Hapa mko wangapi?"

"Arobaini."

"Leo tutakaa saa ngapi?"

"Tatu, umesema."

"Tatu kwa kila mmoja. Tatu mara arobaini?"

Karani, mtu wa benki, alipiga hesabu kwa vidole, akapiga tena, kisha uso ukamchanua kama mtu aliyeongezewa mshahara. "Mia na ishirini!"

"Mmemaliza," alisema Dokta.

Kelele za furaha zilimfanya Mama Magodoro apande ngazi kuangalia kama kuna mtu kaolewa.

Vyeti vilitolewa siku ileile. Vilichapwa kwenye karatasi ya kadi za harusi, vikafungwa utepe wa buluu, na chini yake kulikuwa na lakiri ya dhahabu ambayo Dokta mwenyewe aliikata kwa mkasi kutoka karatasi za ndani za maboksi ya biskuti. Kila kimoja kilikuwa na namba. Namba hizo alizitoa kichwani, isipokuwa moja iliyokuwa ya simu ya shemeji yake.

Yule mama wa nyuma alikuwa wa mwisho kuchukua. Shuleni kwake watoto walimwita Madamu, na wazazi wakamwita Madamu, mpaka mume wake nyumbani akikosea humwita Madamu. Alikuwa amefundisha Kiingereza darasa la pili kwa miaka kumi na tisa, na watoto aliowapitisha, wakifika la sita, walikuwa wanasoma magazeti ya Kiingereza kwa sauti ili jirani asikie. Hakuwa mjinga. Alikuwa na wiki moja. Mwenye Shule alikuwa ametangaza: muhula ukiisha, mwalimu asiye na cheti cha kimataifa ampishe mwenzake. Madamu alikuwa na watoto watatu wanaosoma na mume ambaye karakana yao imefungwa tangu mwaka juzi. Anayetaka karatasi apewe karatasi, alijiambia. Mimi kazi naijua.

Jumatatu aliingia ofisini kwa Mwenye Shule, akaweka cheti mezani.

Mwenye Shule alikuwa na shule tatu, na yeye mwenyewe shule aliisoma nusu tu. Alikigeuza cheti. Akabonyeza namba kwenye simu, akasubiri, akatikisa kichwa. Halafu akakisogeza puani.

"Madamu."

"Naam, bosi."

"Kinanukia biskuti."

Madamu aliitazama lakiri ya dhahabu.

"Miaka kumi na tisa tuko pamoja, unaniletea biskuti? Mimi ningependa ubaki, lakini wazazi siku hizi wanauliza. Ijumaa ukabidhi madaftari."

"Na darasa langu atachukua nani?"

"Atapatikana. Vijana wapo. Ataanza na majaribio, kama kawaida."

Hapo ndipo Madamu alipouona ukuta wote, na si tofali moja tu. Mwalimu wa miaka kumi na tisa anakula mshahara. Mwalimu wa majaribio hali kitu. Mkataba wa walimu wapya aliujua vizuri kuliko aliyeuandika: kurasa tisa za Kiingereza kizito ambacho Mwenye Shule alilipia kwa wakili. Kila mwaka vijana walikuja, wakapewa, na kila mwaka Madamu aliwavuta pembeni kwenye korido ya vyoo akawasomea taratibu, ukurasa kwa ukurasa. Walikuwa wakishukuru, wanachukua mkoba, wanachapa lapa. Ndiyo maana nafasi tatu zilikuwa wazi tangu mwaka juzi, na Mwenye Shule hajui mpaka leo nani anawafukuza.

"Bosi," alisema Madamu pole pole, "nikikuletea mtu atakayesaini bila kusomewa?"

Mwenye Shule aliacha simu. "Ana cheti?"

"Anavyo boksi zima."

"Atataka mshahara gani?"

"Sidhani kama atauliza mara mbili."

Mwenye Shule alicheka mpaka kiti kikalia. "Basi cheti cha nini, mama? Cheti anaulizwa mtu anayedai mshahara. Mlete."

"Nitamleta. Lakini mimi naondoka na barua. Kwamba nimefundisha hapa miaka kumi na tisa, darasa gani, somo gani. Iwe na sahihi na muhuri. Leo."

"Barua tu?"

"Barua tu."

Barua haina gharama. Mwenye Shule aliipiga muhuri mara mbili kwa ukarimu.

Madamu alipopanda ngazi za Taasisi ya Kimataifa, alimkuta Dokta akifunga begi. Ilikuwa kawaida yake. Biashara za Dokta zilikuwa kama maziwa, zikikaa siku ya tatu ni lazima mtu ahame. Kuona mwanafunzi mlangoni, aliruka nyuma ya benchi, halafu akakumbuka yeye ni mkurugenzi, akasimama huku anapangusa magoti.

"Madamu! Nilikuwa natafuta chaki."

"Usihangaike, Dokta. Nimekuja na habari. Bosi wangu amekiona cheti chako."

Dokta alipima umbali wa dirisha. "Na akasemaje?"

"Alikishika mpaka puani. Hajawahi kuona cheti kama kile maishani mwake."

"Unaniambia!"

"Sasa anakutaka wewe mwenyewe, uliyesaini. Utafundisha Kiingereza kuanzia madarasa ya chini. Unakaa humo humo shuleni, unakula humo humo, geti lina mlinzi usiku na mchana."

Msomaji atagundua kwamba mpaka hapa Madamu hajasema uongo hata mmoja. Hakusema baadaye pia. Ndiyo tofauti ya mwalimu na mganga wa vipara.

"Mlinzi wa nini?" Dokta aliuliza.

"Wenzangu wameanza kupeleka vyeti makazini, Dokta. Wengine wamekwisha kurudi. Yule karani mrefu nilimpita sokoni. Anakutafuta."

"Anataka kunishukuru?"

"Anataka kukuona uso kwa uso. Alikuwa na wenzake wanne. Mmoja kabeba mwavuli, na jua linawaka."

Dokta alichungulia ngazi. Ghafla geti lenye mlinzi lilianza kupendeza. Lakini tumbo la mjanja lina milango miwili: hofu inaingilia mmoja, tamaa inaingilia mwingine, na yeye alitaka zote mbili zishibe.

"Na mshahara, Madamu? Tuongee kama watu wazima."

"Dokta! Mtu wa hadhi yako atatajiwa mshahara kwa mdomo, kama kibarua wa zege? Umeandikwa kwenye mkataba. Ukurasa wa saba. Mkataba wote ni Kiingereza, utausoma mwenyewe."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Dokta. "Mimi na Kiingereza, unajua tena."

"Najua."

"Na wewe unataka nini, dada yangu? Maana hakuna wa kunitafutia kazi bure."

Madamu aliangalia chumba: mabenchi, ubao, dirisha la kuingiza hewa. "Hiki chumba kina kodi ya mwaka. Wewe unahamia shuleni. Niandikie kwamba umenikabidhi, tushuke kwa Mama Magodoro ashuhudie. Na lile daftari la majina."

Dokta karibu acheke. Chumba alichokuwa anakitoroka, na daftari la watu anaowakimbia! Aliandika haraka kabla mwanamke hajapata akili. Mama Magodoro aliweka dole gumba kwenye karatasi, akamtazama Madamu, akamtazama Dokta.

"Kumbe na wewe ulikuwa wa kulala mbele," alisema, akaendelea kupanga mito.

Kesho yake asubuhi Dokta aliketi mbele ya Mwenye Shule, begi miguuni. Mkataba ukawekwa mbele yake, kurasa tisa, herufi ndogo kama sisimizi wanaohama.

"Soma kwa nafasi," alisema Mwenye Shule. "Kama kuna kitu hukielewi, uliza."

Hii ndiyo dakika ambayo Dokta angeweza kujiokoa. Alichohitaji ni maneno mawili, "Sijui Kiingereza," ambayo mamilioni ya watu wema huyasema kila siku wakarudi nyumbani salama. Lakini mkurugenzi wa taasisi ya kimataifa, aliyewatunuku vyeti watu arobaini kwa alasiri moja, atayatolea wapi? Kwa hiyo Dokta alisoma. Yaani, alitembeza kalamu juu ya mistari kwa mwendo wa mtu anayeelewa. Ukurasa wa tatu alitikisa kichwa, akasema, "Safi." Ukurasa wa tano alikunja uso na kunyonya meno.

"Kuna tatizo?" Mwenye Shule alishtuka.

"Hii koma. Mimi ningeisogeza kidogo."

"Eh! Huyu kweli msomi."

Ukurasa wa saba, penye mshahara, aliona namba sita na namba sifuri, akahisi joto tamu kifuani. Sita na masifuri! Akasaini. Akasaini kurasa zote tisa kwa mikunjo na vikorombwezo.

"Sasa kitambulisho, na hilo begi," Mwenye Shule alinyoosha mkono. "Vinakaa kwenye kasha langu la chuma."

Dokta alilivuta begi karibu. Mle ndani kulikuwa na ada za watu arobaini, pungufu ya kodi na kadi za harusi. "Hili nina kawaida ya kutembea nalo."

"Limo kwenye mkataba, umesoma. Walimu wadogo ndio wanaficha vyao chini ya godoro. Wewe ni mdogo?"

Begi likaingia kashani. Mlango wa chuma ukafunga kwa mlio mzito, wa kistaarabu.

Siku hiyohiyo, juu ya duka la magodoro, Madamu aliwaita wote waliomo kwenye daftari. Walikuja kwa hasira na vyeti vyao mikononi. Hakuwazungusha.

"Hivi mlivyonavyo ni takataka, na changu pia. Pesa imekwenda. Chumba kimebaki, kimelipiwa mwaka mzima kwa jasho lenu wenyewe. Mtihani wa kweli upo, unafanyika jiji jingine baada ya miezi mitano. Nimekwisha kupeleka barua yangu ya kazi kuomba nafasi, nami naufanya. Mtakaotaka tutasoma wote hapa, saa mia na ishirini kwa kila kichwa. Kila mmoja atasimama kufundisha mara sita, wenzake wamkosoe."

Karani mrefu akainua mkono.

"Madamu, hatuwezi kugawana hizo saa?"

"Hapana."

"Hata nusu?"

"Keti chini au toka nje, baba."

Kumi na watatu walitoka, karani mbele. Ishirini na sita walibaki, na mmoja wao, mhudumu wa hoteli, alifungua daftari jipya. Karani alirudisha kichwa mlangoni.

"Angalau tuambie. Yule mtu yuko wapi?"

"Yuko kwenye shule yangu ya zamani," alisema Madamu akichukua chaki. "Anafundisha darasa la pili."

Hakukosea. Dokta alikuwa ndani ya darasa hilo tangu saa mbili, peke yake, na watoto hamsini na wawili. Watoto wa miaka saba hawalaghaiki kwa suti. Walishamuuliza kwa nini haandiki kitu, kwa nini jasho linamtoka, na kama Madamu amekufa. Kila alipofungua mdomo walisubiri Kiingereza, na kila alipotoa Kiswahili walitazamana.

Msichana wa darasa la sita aliingia kuomba chaki, soksi moja juu, moja chini. Dokta akaona wokovu. Mkataba ulikuwa mfukoni, nakala yake, na tangu asubuhi zile sita na masifuri zilikuwa zinamwasha.

"Wewe, njoo hapa. Nasikia darasa la sita mnajidai. Soma ukurasa huu kwa sauti, halafu utafsiri. Nakupima."

Msichana alisoma bila kukwama, kwa raha, kama anayekunywa maji. Kisha akatafsiri.

"Miezi sita ya kwanza ni ya majaribio. Kwa muda huo mwalimu atalipwa sifuri." Akainua macho. "Hapo wameandika kwa tarakimu na kwa maneno, Mwalimu. Kwa mwezi, sifuri. Kwa wiki, sifuri. Posho, sifuri."

"Na baada ya miezi sita?"

"Kadiri mwajiri atakavyoona inafaa." Akafungua ukurasa wa nane mwenyewe, kwani mtoto aliyefundishwa vizuri hasubiri kuambiwa. "Akiondoka kabla ya miaka miwili, vilivyomo kashani vitakuwa mali ya shule. Atalala bweni la wavulana. Atawaamsha saa kumi na moja alfajiri. Atavaa sweta ya kijani."

"Sweta?"

"Kila Ijumaa. Nimepata ngapi, Mwalimu?"

Dokta alishika ukingo wa meza. Nje kulikuwa na sauti, akachungulia dirishani. Getini, karani mrefu alikuwa anaongea na mlinzi kwa heshima zote, vyeti kumi na vitatu vimekunjwa mkononi kama fimbo, na nyuma yake mwavuli ulikuwa unainuka na kushuka.

"Mna miadi?" mlinzi alikuwa anauliza.

"Hatuna. Tutamsubiri atoke."

"Hatoki huyo. Amesaini."

"Basi tutakuja kila siku."

Dokta alirudi kutoka dirishani kwa hatua ndogo, kama mtu anayetembea juu ya mayai. Kule kumi na watatu, huku hamsini na wawili. Alipiga hesabu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze ujanja, haikumpa jibu lolote la kuuza.

"Mwalimu," alisema mtoto wa benchi la mbele, kalamu mkononi, "hatujaandika kitu tangu asubuhi."

Dokta akachukua chaki. Akageukia ubao na kuandika tarehe, polepole, kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuutumia.

Ilikuwa tarehe ya jana. Watoto hamsini na wawili walimsahihisha kwa pamoja, kwa Kiingereza.